Nyonga ya Kupimia Gari

Kama kuna mwanamume aliyewahi kuumwa kwa sababu tunda limeumia, basi ni Lutengano wa milimani juu ya Kiwira. Parachichi likimponyoka mchumaji, yeye hushika kifua. Likipata kovu dogo kwenye ngozi, huligeuzageuza juani akilitazama kwa huruma, utadhani ni mtoto aliyeunguzwa na uji. Mkewe Atuganile alikuwa akiyaona hayo msimu hata msimu, na kila mara swali lilimjia hadi kwenye ulimi akalimeza: mbona mimi nilipoumia hukuona?

Alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka mitatu iliyopita Lutengano alimpandisha mtini, kwenye tawi ambalo vibarua wote walikuwa wamelikataa. Tawi lilikatika. Atuganile aliangukia nyonga ya kulia, akalala pale chini hawezi hata kukaa. Wakampakia nyuma ya pikapu kumkimbiza Mbeya, na pikapu ilikuwa tupu. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kupanda pikapu yenye springi za mabapa, yale mabamba ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine, anajua kwamba gari la namna hiyo likibeba tani hutulia, na likiwa tupu hurusha mateke. Atuganile alilijua hilo kuliko wengi, maana ndiye aliyekuwa akikaa nyuma na mizigo. Akamwomba mumewe aweke magunia machache ya viazi ili gari litulie.

"Nivichubue viazi kwa ajili yako?" Lutengano alimjibu. "Jikaze, Mama Ipyana. Saa moja na nusu tu."

Daktari wa Mbeya alisema mfupa ulikuwa umepata ufa tu, na ungeunga wenyewe, ila ulisogea njiani. Neno hilo, njiani, Lutengano hakulisikia. Tangu siku ile mguu wa kulia wa Atuganile ukawa mfupi kuliko mwenzake, na nyonga ikawa inasaga akitembea, ikisaga akikaa, ikisaga akijigeuza kitandani. Ipyana, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameshaoa na kuhamia Songea, na hakuna mwingine wa kumshika mama mkono akiinuka. Lutengano aliutafutia ugonjwa huo jina. Aliuita kudeka.

Mwaka huu, mwezi wa saba, wanunuzi wenye banda la kupokelea matunda pale Nyololo walimrudishia kreti thelathini. Mwanamke wa kuchagua matunda, anayeitwa Sabina, hana mchezo na hacheki na mtu. Aliyaacha matunda yalale usiku mmoja, kesho yake akamwonyesha Lutengano madoa meusi yaliyojitokeza kwenye ngozi.

"Mzee, shambani hawana kosa," Sabina alisema. "Haya yameumia njiani. Gari lako linayapiga."

Njiani! Safari hii Lutengano alilisikia neno vizuri sana. Alirudi nyumbani hajala, akakaa barazani na tunda moja mkononi, akilisikitikia. Juma hilohilo alilipeleka gari Iringa.

Fundi mwenyewe alikuwa na gereji mtaa wa Mlandege, anaitwa Sosthenes Kalinga, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyejifunzia kazi kwenye magari ya kupeleka watalii mbugani Ruaha. Mtalii hataki kurushwarushwa, na Sosthenes alijua kumtuliza. Aliyafungua mabapa yote ya ile pikapu, akakata vishikio vyake kwenye chesisi, akaleta difu, mhimili wa magurudumu ya nyuma, kutoka gari la watalii lililopinduka, akachomelea vikombe vya kukalia koili, zile springi za kujiviringa. Akafunga mikono miwili mirefu ya chuma kuishika difu isirudi nyuma, na fimbo moja ya kukingama isiiache ikacheza kushoto na kulia. Kazi hiyo ilimla wiki mbili.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe lililomfanya Atuganile apande basi na nyonga yake kutoka Kiwira hadi Iringa, akiwa amesimama nusu ya safari kwa sababu kukaa kulimshinda. Mchungaji wa usharika wao alikuwa amemletea barua. Madaktari wa mifupa kutoka ng'ambo walikuwa wanakuja kwenye hospitali moja ya misheni, iliyojificha ndani kwenye vumbi kati ya Iringa na Mafinga. Wangekaa juma moja tu, na mwisho wa kupokea wagonjwa ni Ijumaa saa sita mchana. Wanafungua nyonga mbovu, wanaweka ya chuma, na mtu anatembea. Barua ilitaka mgonjwa afike na ndugu wa kutia sahihi na wa kumuuguza kwa wiki mbili. Asiye na ndugu hapasuliwi.

Lutengano aliisoma mara mbili mbele ya mchungaji, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti lake.

"Gari likikamilika Alhamisi, Ijumaa asubuhi nampeleka mwenyewe," alisema. "Nina neno moja tu mimi, mchungaji."

Atuganile aliamini, kwa kuwa maneno yalisemwa mbele ya mtumishi wa Mungu. Usiku huo alilala akiota anashuka mlima bila fimbo. Mtu wa miaka arobaini na mitatu kuota kutembea! Aliamka akajicheka, kisha akalia kidogo, kisha akaenda kuwasha moto.

Alhamisi asubuhi walikuwa Mlandege. Baridi ya Iringa ilikuwa imejipanga vizuri na upepo wake, na Sosthenes alikuwa amevaa makoti mawili.

"Kamwene," aliwasalimu Kihehe, kisha akageukia Kiswahili. "Karibu mama. Gari liko tayari, limebaki kupimwa tu. Mimi mashine ya kupimia sina. Mimi napima kwa mtu. Mtu analala nyuma, tunapita kwenye mawe na matuta, anasema panapogonga. Huwa nalala mwenyewe, lakini siku hizi mwili umekuwa nyama tupu, sisikii kitu."

Lutengano alimtazama mkewe kutoka kichwani hadi kwenye ule mguu mfupi. Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyekumbuka alipoweka funguo.

"Fundi, mtu tunaye," alisema. "Mke wangu huyu nyonga yake mbovu. Anasikia hata kokoto. Panda, Mama Ipyana."

Sosthenes alikohoa. "Mzee, lakini mama anaumwa..."

"Si ndiyo maana? Mzima atasikia nini?"

Atuganile alimtazama mumewe, akatazama gari. Alifanya hesabu fupi kichwani mwake, ya siku na wala si ya kitu kingine: leo Alhamisi, kesho Ijumaa. Gari lisipopimwa halitoki. Akampa fundi mkono, akapandishwa. Sosthenes alileta kigodoro cha sponji alichokuwa akilalia chini ya magari, akakitandika kwenye bodi. Lutengano akakivuta kikatoka.

"Hicho kitatudanganya," alisema. "Parachichi halilali kwenye godoro."

Basi Atuganile alilala juu ya bati, chali, kati ya kreti nane zilizojazwa mchanga kuwa mfano wa mzigo. Lutengano alishika usukani, fundi akakaa kando yake, kidirisha cha nyuma wakakiacha wazi ili wamsikie. Walishuka barabara ya mawe, wakapita matuta ya Ipogolo, wakarudi. Kila gari lilipopanda tuta alikuwa anasikia koili zinajikunja taratibu, vizuri, kwa adabu, halafu kwenye kushuka kitu kinapiga chini yake, gu, na nyonga inajibu.

"Hapo!" alipiga kelele. "Hapo panauma! Hapo tena!"

"Inapiga ikishuka, siyo ikipanda," Sosthenes alisema, akiandika kiganjani kwa kalamu. "Shokapu hizo, ngumu mno. Mama, una akili ya chuma wewe. Wateja wangu wote hawajawahi kuniambia hivyo."

Lutengano alijaa fahari kana kwamba amesifiwa yeye. "Nilikuambia," alisema. "Kokoto tu, anasikia."

Kubadili shokapu kulichukua mpaka alasiri. Atuganile alikaa kwenye tairi kuukuu, akabadili upande wa kukalia mara mia. Alipopandishwa tena, jua lilikuwa limeinama na bati lilikuwa la baridi. Kabla gari halijawashwa Sosthenes alimweleza Lutengano neno moja, na Atuganile alilisikia lote kupitia kidirisha.

"Mzee, nikueleze mapema. Shokapu nimeweka laini kabisa, hakuna laini zaidi. Mama akisema bado panauma, basi kosa ni koili zenyewe, ngumu kwa mzigo wako. Itabidi niagize nyingine Dar. Zitafika Jumamosi."

Jumamosi. Atuganile alilala pale akitazama mawingu. Hakuna aliyemwambia nini cha kusema, na hakuna aliyehitaji kumwambia. Akisema panauma, Jumamosi. Akisema hapaumi, kesho asubuhi atakuwa mlangoni kwa madaktari. Alichukua ncha ya kitenge chake, akaikunja mara nne, akaitia katikati ya meno.

Walipita kwenye mawe. Gari lilikuwa limepungua ukali, hilo ni kweli, lakini lilipiga. Lilipiga kwenye tuta la kwanza, akauma kitenge. Likapiga la pili. Kwenye la tatu machozi yalimtoka yakaingia masikioni, na hakutoa hata mguno. Lutengano alikuwa anauliza kwa sauti kubwa, "Vipi hapo?" naye alikuwa anatoa kitenge mdomoni, anavuta pumzi, anajibu kwa sauti ya mtu aliyekaa jikoni kwake, "Hapaumi." "Na hapo?" "Hapaumi, baba Ipyana. Hapaumi kabisa." Lutengano, kwa furaha, aliyarudia matuta yote mara ya pili.

Waliporudi gereji, Sosthenes alimshusha mama kwa mikono miwili, akaona kitenge kilivyolowa mate na masikio yalivyolowa machozi. Akamtazama mwenye gari, akageuka kufuta mikono. Fundi ana watoto, ana kodi ya banda, na mteja aliyeridhika hatibuliwi.

"Haumii!" Lutengano alisema, akipiga bodi kwa kiganja. "Fundi, umeua! Matuta yote yale, juu ya bati, mtu hata haguni!"

"Ndaga," Atuganile alimshukuru fundi Kinyakyusa, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimempotea kwa maumivu. Kisha akamwambia mumewe, "Baba Ipyana, basi kesho tuwahi kutoka. Tukiondoka saa moja, saa nne tutakuwa hospitalini."

"Hospitalini kufanya nini?"

Atuganile alidhani ni utani. Akacheka kidogo.

"Nauliza kweli," Lutengano alisema, na alikuwa hatanii. "Umelala juu ya bati. Nimekupitisha kwenye matuta yote, mara mbili. Nikakuuliza kila mahali. Umesema hapaumi, fundi shahidi. Mtu asiyeumia kwenye bati anakwenda kupasuliwa nini? Wazungu wakukate bure?"

"Nilisema hivyo ili gari likamilike. Ili twende. Paliuma, baba Ipyana. Paliuma sana."

"Paliuma?"

"Paliuma."

Lutengano alisogea, akaweka mkono begani mwake karibu kwa upendo, na hapo ndipo Atuganile alipoogopa.

"Sikiliza vizuri, mke wangu. Kama paliuma, basi gari bado bovu. Fundi anaagiza koili Dar, tunakaa hapa mpaka Jumamosi, na Ijumaa yako imepita. Kama hapakuuma, basi umepona, tunakwenda nyumbani kuchuma. Ama umenidanganya leo, ama umekuwa ukinidanganya miaka mitatu. Chagua wewe. Mimi sina ubaya na mtu."

Sosthenes alikuwa amejiinamia kwenye sanduku la spana, anatafuta spana ambayo haikuwapo.

Atuganile alizunguka maneno hayo kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Hakukuwa na mlango. Aliomba aende peke yake. Akaambiwa barua inataka ndugu. Aliomba barua. Akaambiwa ipo, imetunzwa. Kwa Iringa nzima hakuwa na mtu hata wa kumwomba maji, na mdogo wake Damari alikuwa mbali, Kiwira. Alimpigia. Damari alisema atapanda basi la alfajiri, lakini wote wawili walijua kwamba basi la alfajiri kutoka kule halifiki kabla ya saa sita, na kwamba hata likifika, barua iko kwenye koti la mwanamume.

Ijumaa asubuhi waliondoka. Atuganile aliruhusiwa kukaa mbele. Kabla ya kufika Mafinga kuna njia panda ya vumbi, na kibao cheupe chenye msalaba mwekundu na mshale. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Watu wawili walikuwa wamembeba mzee kwenye machela ya miti, wakikata kona kwa miguu kwenda kulekule. Lutengano hata hakupunguza mwendo. Alikuwa anasikiliza gari.

"Sikia linavyokwenda," alisema. "Kama umekaa kitini kanisani."

Atuganile alikitazama kibao kwenye kioo cha pembeni mpaka kikawa kidogo kama kipande cha kucha. Alimchukia mumewe pale, bila kificho moyoni mwake, chuki safi isiyo na huruma, na alishangaa kuona kwamba chuki inapunguza maumivu kidogo.

Walichuma siku tatu. Kreti mia moja, zote matunda ya daraja la kwanza. Jumanne Lutengano alizipakia yeye mwenyewe, moja moja, hataki kibarua aguse, akaendesha hadi Nyololo polepole hivi kwamba malori ya mkaa yalimpita. Sabina alipokea, akayaacha matunda yalale usiku. Jumatano saa nne asubuhi simu ya Atuganile ililia akiwa anakoroga uji wa kuwapa kuku.

"Mshenzi wewe!" ilikuwa sauti ya mumewe, na nyuma yake sauti za kreti zikirushwa. "Yana madoa! Karibu nusu yana madoa! Mama huyu anasema gari bado linapiga, na nikileta mengine kama haya jina langu linafutwa, halirudi tena. Kumbe ulikuwa unaumia!"

Atuganile aliuacha mwiko ndani ya chungu.

"Kumbe ulikuwa unaumia," Lutengano alirudia, na alikuwa karibu kulia. "Kwa nini hukuniambia?"

Miaka mitatu alikuwa amelisubiri neno hilo. Alikuwa ameliota akiwa kitandani, akiwa kanisani, akiwa juu ya bati: siku moja baba Ipyana atasema, kumbe unaumia. Sasa limesemwa, limesemwa kwa ajili ya ngozi ya parachichi, na madaktari walishapanda ndege zao tangu Jumamosi. Alizima simu. Alikaa chini mlangoni, akalia kwa sauti hadi kuku wakajitenga.

Alipomaliza kulia alikuwa mtu mwingine, na si mtu mzuri.

Ijumaa iliyofuata walikuwa Mlandege tena. Koili mpya zilikuwa zimefika, nyembamba zaidi, na Sosthenes alikuwa ameshazifunga. Matunda yaliyobaki mtini yalikuwa mengi kuliko yaliyochumwa, na Sabina alikuwa ametoa neno la mwisho: banda linafungwa Jumatano, baada ya hapo wanahamia mkoa mwingine mpaka mwakani. Lutengano alikuwa amekonda usoni. Alimpandisha mkewe kwenye bodi yeye mwenyewe, kwa upole ambao hakuwa nao siku ya kumwoa, na hata kigodoro alikuwa tayari kukiruhusu. Atuganile ndiye aliyekikataa.

"Kitatudanganya," alisema.

"Na safari hii useme kweli," Lutengano alimwambia. "Nakuomba, Mama Ipyana. Kweli tupu."

"Nitasema kweli tupu."

Waliteremka kwenye mawe. Koili mpya zilikuwa laini mno, gari lilipepea juu ya mashimo, na hata Sosthenes, na nyama zake zote, alitabasamu.

"Vipi hapo?"

"Panauma," Atuganile alijibu.

Walirudi. Sosthenes alibadili mipira ya kwenye mikono ya chuma. Walitoka tena. Panauma. Jumamosi akapunguza upepo wa matairi, akaongeza mchanga, akapunguza mchanga. Panauma. Jumapili hawakwenda kanisani. Jumatatu Lutengano aliendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, akimwuliza kila hatua, naye kila hatua alijibiwa neno lile lile, kwa sauti ya upole, bila hasira. Usiku wa kuamkia Jumanne Lutengano hakulala. Damari alipiga simu kueleza kwamba matunda yameanza kudondoka yenyewe, kila upepo ukipita unasikia po, po, shambani. Atuganile alimwambia yaache. Alijisikia raha, raha ya kutisha, na hakumwomba Mungu msamaha kwa ajili yake.

"Mzee," Sosthenes alisema Jumanne asubuhi, akifuta mikono. "Gari hili sasa ni bora kuliko la watalii. Mimi nimemaliza. Kapakie ukauze."

"Nikapakie vipi na anaumia?" Lutengano alifoka. "Mara ya kwanza alisema hapaumi, nikapakia, nini kilitokea? Unataka wanifute? Kipimo ni yeye!"

Walitoka mara ya mwisho. Walipita kwenye lami mpya, nyeusi, laini, isiyo na hata jiwe. Panauma. Lutengano alisimamisha gari kando ya barabara. Akazima injini. Akashuka, akaja nyuma, akashika ukingo wa bodi kwa mikono miwili.

"Na hapa?" aliuliza.

"Panauma."

"Mama Ipyana, gari limesimama."

"Najua limesimama." Atuganile alikuwa amelala chali, mikono tumboni, macho kwenye mawingu, na kwa mara ya kwanza tangu tawi lilipokatika hakuwa anamficha mtu chochote. "Umesema niseme kweli. Likienda panauma. Likisimama panauma. Nikishuka patauma, na nyumbani patauma, na mwakani wakirudi kununua patakuwa panauma. Rudi kwenye usukani, baba Ipyana. Endesha tena."